Nuru Machoni mwa Mkunga

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mama yangu, Jicho,

Nakusalimu kutoka studio. Barua hii ameibeba fundi saa, jirani yetu, anayekuja huko mjini kila wiki kununua vipuri. Nimemsihi akukabidhi mkononi, asimwachie mlinzi wa gazeti lenu. Usinipigie simu. Siku hizi ikilia nashtuka kama aliyeumwa na nyoka aonapo ukamba.

Bila shaka umeiona ile picha. Hapa mtaani kila mwenye simu anayo. Inamwonyesha jirani yetu mkunga, yule yule aliyempokea mwanao siku anazaliwa, amesimama kando ya gari jeusi, akimkabidhi mtoto mchanga mwanamume asiyejulikana. Chini yake pameandikwa kwamba anauza watoto wa wodini. Juzi alasiri watu walifika mlangoni pake, kwanza wakiuliza, kisha wakipiga kelele, kisha yakaja mawe. Nilimwona mama muuza mkaa, ambaye watoto wake wote wamezaliwa mikononi mwa mkunga huyo, akiinama kuokota lake. Nikamwuliza, "Hata wewe?" Akanijibu, "Mzee, picha haisemi uongo. Wewe si ndiye unayezipiga?"

Unajua kwamba tarehe 24 mkunga anatakiwa mahakamani, aseme ni majeraha gani aliyoyaona kwa yule mke wa mkandarasi aliyefia wodini. Mume alisema mkewe aliteleza ngazini. Mkunga anasema ngazi haziachi alama za vidole shingoni. Nakuachia wewe upime kama picha hiyo imezuka wakati huu kwa bahati.

Wewe ndiye mkaguzi wa picha, na mimi nimeiona tu kwa mbali, katika simu ya fundi saa, ambayo kioo chake kimepasuka kama utando wa buibui. Niambie, ni ya kweli au imeundwa? Na kama imeundwa, mkono ulioiunda na uoze.

Mkunga hayuko nyumbani kwake. Aliko sijui, na hata ningejua nisingeandika.

Ni mimi baba yako,
Mzee Studio


Ijumaa, tarehe 7 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua nimeipokea mkononi, na fundi saa amegoma kuondoka bila jibu, kwa hiyo naandika naye amekaa mbele yangu akikisikitikia kimoyomoyo kisaa changu cha ukutani.

Picha hiyo imefika mezani kwangu kabla ya barua yako. Mhariri anaitaka ukurasa wa mbele. Aliiweka juu ya kazi zangu akasema, "Dada, nataka neno moja: ndiyo au hapana. Hotuba utanipa baadaye." Nikampa neno moja: hapana. Akaguna, akataka sababu, nami nikampa mbili. Kivuli cha mkunga kinalala kuelekea ukutani, cha mwanamume kinalala kuelekea barabarani, na sijui nchi yenye majua mawili. Pili, ukiikuza picha, upande wa mkunga umejaa chengachenga kama mchanga, maana ulipigwa ndani ya nyumba penye mwanga hafifu. Upande wa gari ni laini kama maziwa. Ni picha mbili zilizoozeshwa kwa nguvu.

Ipo sababu ya tatu. Hiyo sikumwambia.

Nimeichapa kubwa, nimeikunja ndani ya bahasha hii. Itazame kwa lenzi yako ya mezani, na uanze na macho. Jua la upande wa gari linatoka kulia. Angalia nuru imetuama upande gani wa mboni, kwa mkunga na kwa yule mwanamume. Kisha nikumbushe ulivyonifundisha nikiwa msichana: kwa nini fundi hatoi uso wa mtu studio bila kuutia nukta ya nuru jichoni, na dirisha la studio yetu liko upande upi.

Tafadhali kaa kitini kabla hujatazama. Na ile laana uliyoiandika, nakuomba uifute.

Mwanao,
Jicho


Jumatatu, tarehe 10 Juni

Mama,

Nimetazama.

Nuru iko kushoto, upande wa dirisha letu. Nukta moja kila jicho, ndogo, iliyoinama kidogo kama punje ya mchele. Hakuna mkono mwingine unaoitia hivyo. Hata katika ile simu iliyopasuka moyo uliniambia ni kazi yangu, nikaukataza. Niliikalia picha hiyo mpaka wateja wawili wakaja na kuondoka bila kuhudumiwa, wakidhani nimesinzia.

Alikuja mwezi wa nne, kijana mtanashati, mpole, viatu vyeupe. Alisema kaka yake alifariki kabla mtoto wake hajazaliwa. Alikuwa na picha ya mkunga wodini akiwa ameshika mtoto, na picha ya marehemu amesimama kando ya gari lake. "Mzee, nasikia wewe huwakutanisha waliokosana na kifo. Mama yetu anaomba amwone mwanawe akimpokea mjukuu, japo katika karatasi." Akajifuta machozi. Mimi nikatoa yangu.

Unajua nimefanya kazi hizo maisha yangu yote. Nimewasimamisha baba waliozikwa nyuma ya mabinti wao wanaohitimu. Katika arusi yako nilimweka marehemu mama yako kando yako, nawe ukaigeuza picha ikatazama ukuta, ukasema uongo wenye huruma ni uongo bado. Sikukasirika. Nilisema moyoni, hajafiwa vya kutosha.

Sikuongeza bahasha ya pesa mkononi mwa mtu, sikuongeza kosa. Niliwakutanisha tu, nikawatia nuru machoni ili waonekane hai. Yaliyobaki yamefanywa na maneno yaliyoandikwa chini yake.

Sasa sikia linaloniondolea usingizi. Kijana amerudi. Haombi kitu. Huja asubuhi, akakaa kwenye benchi la wateja, akakunja nne, akatazama mlango. Jana nilimwuliza, "Nikusaidie nini, mwanangu?" Akatabasamu: "Endelea na kazi, Mzee. Nimependa kivuli chako." Amechukua kompyuta yangu, eti akaitengeneze.

Nyamaza, mama. Nakuomba. Mwambie mhariri wako uliona vibaya. Mimi nimeshakula chumvi yangu, lakini mtu akiuliza nani aliiunganisha, kijana atanijibia kabla sijafungua mdomo.

Baba yako


Jumatano, tarehe 12 Juni

Baba,

Shikamoo.

Unaniomba niseme niliona vibaya. Ningeweza. Ni sentensi moja, na mhariri angefurahi. Lakini mtu mmoja yuko mafichoni kwa sababu ya picha ile, na kila siku inayopita bila neno, mawe yanazidi kuwa haki machoni pa wanaoyarusha. Nikisema ni ya kweli, Baba, nitakuwa nimeiunganisha mara ya pili. Na mara hii itakuwa kwa makusudi.

Kuhusu picha ya arusi: ni kweli niliigeuza. Hukujua kwamba kila siku kabla ya kutoka huigeuza tena, nikamtazama mama, nikairudisha ukutani. Sijawahi kukukuta na ubaya, Baba. Shida yangu ni kwamba picha haitembei na huruma ya aliyeitengeneza. Hutoka mlangoni pake peke yake, na anayeiokota huisomesha anavyotaka.

Nimeandika taarifa yangu, nimeitia sahihi. Nimesema ni picha mbili zilizounganishwa. Aliyeziunganisha sikumtaja, na sitamtaja. Lakini mhariri anasema maneno yangu peke yake ni kama hukumu isiyo na shahidi. Anataka zile picha mbili za mwanzo. Nakumbuka huanzi kazi ya kuunganisha kabla hujazichapa zote mbili na kuzitandaza mezani kama fundi cherehani anavyotandaza kitambaa. Bado unazo? Ziko wapi? Hao watu wanajua kwamba unazo?

Mpe fundi saa. Asikae nazo hata siku moja.

Mwanao anayekuogopea,
Jicho


Ijumaa, tarehe 14 Juni
(kwa njia ya posta)

Kwa Binti Yangu,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi pia ni mzima wa afya, sina shida yoyote. Ninaandika kukujulisha kwamba nimeitazama upya ile picha ya mkunga na nimeridhika kuwa ni picha halisi. Nakushauri uandike hivyo kazini kwako ili jambo hili liishe vizuri kwa familia.

Mteja wangu ni mtu mwema. Anajali sana usalama wako. Ameniletea picha yako aliyoipata karibuni, akaniomba niichape na kukutumia kama zawadi. Ni picha nzuri. Unafunga mlango wa nyumba yako asubuhi, na mwanao amekushika sketi, begi lake la shule limefunguka.

Usihangaike kuikagua. Mkono wangu haujaigusa. Macho yenu nimeyaacha kama yalivyo.

Wako,
Baba


Jumatatu, tarehe 17 Juni

Mwanangu Jicho,

Hunitarajii. Mimi ni mkunga. Naandika kwa penseli ya baba yako, juu ya goti langu, katika kile chumba chake cha giza cha kusafishia picha za zamani, nyuma ya studio. Nimo humu tangu siku ya mawe. Baba yako alinipitisha uani, akanifungia kwa nje, akaweka kabati mbele ya mlango. Hakukuandikia, kwa sababu barua ni karatasi, na karatasi haina mdomo wa kufunga.

Kati yangu na lile benchi la wateja upo ukuta wa mbao tu. Kijana wa viatu vyeupe akikohoa, mimi hujizuia kupumua. Najua anapenda karanga. Najua huimba kwa pua anapochoka kungoja. Nimewazalisha wanawake wakati bomba la maji limepasuka na taa zimezimika, wala mkono haukutikisika. Humu nimeogopa hata kumeza mate.

Ile barua ya posta niliisikia ikiandikwa. Kijana alikuwa akitaja neno kwa neno, polepole, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Alipomaliza, baba yako akamwambia, "Niruhusu niongeze mistari miwili ya mwisho. Asipoona mkono wa fundi hataamini ni mimi." Kijana akaisoma, akacheka: "Macho yenu nimeyaacha kama yalivyo. Wazee mna mambo!" Akaifunga bahasha mwenyewe. Mimi sikuelewa. Baba yako alinieleza baadaye: alikuwa anakwambia kwamba hiyo ni picha ya kweli, kwamba mtu alisimama kweli mbele ya mlango wako. Toka hapo, mwanangu. Usingoje kuaga mtu.

Kisha akanieleza la pili. Alisimama nje ya mlango, hakuingia, akaniambia kupitia ubao, "Dada, mkono uliofanya ni huu." Nilikaa na maneno hayo nikiwa nimezungukwa na mabeseni yake makavu. Nilitamani kumchukia, ila aliye nje ndiye aliyeniletea uji asubuhi ile, na kesho yake akauleta tena, naye hakuomba nimsamehe.

Zile picha mbili ziko humu. Nimezilalia.

Sijaamua la kumwambia. Lakini tarehe 24 nitakwenda mahakamani, hata kwa kutambaa. Yule mama hakuwa na mtu mwingine aliyeiona shingo yake.

Mkunga


Jumatano, tarehe 19 Juni

Baba,

Nimehama. Nilipoisoma ile barua sikuhitaji kueleweshwa. Picha niliitazama mara moja tu, macho yetu mimi na mwanangu meusi matupu, nikafungasha. Tuko kwa shangazi. Usiandike mtaa.

Sasa nikwambie aibu yangu. Mhariri ameifungia taarifa yangu dawatini. Alipigiwa simu. Na mimi nikamwuliza, "Ulisema nikupe ndiyo au hapana, nami nilikupa. Kwa nini huichapi?" Akanijibu bila kuniangalia, "Dada, nina watoto. Picha hatutaitoa, na taarifa yako hatutaitoa. Tutakuwa kama hatukuona." Nilidhani ukweli ukishaandikwa na kutiwa sahihi umekwisha kutoka nje. Kumbe unaweza kukaa dawatini na klipu yake, nadhifu, haumsaidii mtu.

Nakutumia nakala, imebebwa na fundi saa ndani ya soksi yake, usiinuse. Lakini sikutumii ili uitumie. Nakutumia ili ujue nilikuamini. Nilikuandikia nikidai uzungumze. Sasa nakusihi ukimbie. Mtoe mkunga uani kabla kijana hajafika asubuhi, panda gari lolote, shuka popote. Studio iache. Benchi lile liache. Nilikuwa na msimamo mwingi nilipokuwa mbali na hofu, Baba. Sasa nimeiona mlangoni pangu, na ninachokitaka ni baba tu.

Kimbia. Nakupigia magoti.

Mwanao,
Jicho


Jumapili, tarehe 23 Juni
Barua kwa majirani zangu, isomwe mbele ya studio

Ndugu zangu na majirani zangu mliokusanyika,

Nimeiandika hotuba hii kwa sababu najijua. Nikisimama bila karatasi, woga utanichagulia maneno. Nikishindwa kusoma, fundi saa ataendelea pale nitakapoishia.

Mmenijua kama mtu wa kuwasimamisha mbele ya kamera na kuwaambia msipepese. Leo mimi ndiye ninayetazamwa, na nawaomba msipepese. Ubavuni mwangu nimebandika picha tatu. Ya kwanza ni mkunga wetu, wodini, ameshika mtoto mchanga. Tazameni ukuta ulio nyuma yake na kitanda cha chuma. Ya pili ni mwanamume kando ya gari, mikono mitupu, amekunjua viganja kama anayesubiri mzigo. Ya tatu ni ile mliyonayo mifukoni. Ya tatu haikupigwa na kamera yoyote. Nimeitengeneza mimi, mezani kwangu, kwa mikono hii. Niliambiwa yule mwanamume ni marehemu, na kwamba mama yake anataka kumwona akimpokea mwanawe. Niliamini kwa sababu nilipenda kuamini. Kazi hiyo ilinifanya nijione mwema. Taarifa ya mkaguzi iliyo chini ya picha inathibitisha maungio yake, na ina sahihi.

Sikuja kujitetea kwamba nilidanganywa. Nilidanganywa, ndiyo, lakini ningeweza kuvuka barabara na kumwuliza jirani yangu kama anamjua mtoto yule. Ni hatua chache. Sikuvuka. Nanyi pia, kabla ya kuinama kuokota, mngeweza kumwuliza. Hakuna aliyevuka.

Mmoja wenu aliniambia picha haisemi uongo. Nimelala na neno hilo. Jibu langu ni hili: picha haisemi chochote. Sisi ndio tunaosema, kisha tunaisingizia.

Kesho jirani yetu anatakiwa mahakamani. Wapo wasiotaka afike, na nadhani mmoja wao yuko hapa, ananisikiliza. Naogopa. Sijapata kuogopa hivi tangu nilipomzika mke wangu. Binti yangu amenisihi nikimbie, na usiku kucha miguu yangu ilikuwa upande wake. Lakini nikikimbia, ya tatu itabaki na nyinyi, na hizi mbili zitaondoka na mimi.

Nikimaliza sentensi hii nitasogeza kabati, na mkunga atatoka kwa mlango huu. Mimi nitakuwa mbele yake. Mwenye jiwe, aanze na mimi.

Mzee Studio


Jumanne, tarehe 25 Juni

Mwanangu Jicho,

Nitangulize unalotaka kulijua kwanza. Baba yako yu hai. Yuko kituo cha polisi, alikokwenda jana kwa miguu yake kuandikisha maelezo, na hadi ninapoandika hajarudi. Fundi saa yuko nje ya kituo tangu asubuhi, ameketi kwenye ndoo. Askari wa zamu humwambia, "Mzee anahojiwa," na hasemi zaidi. Mimi nimetoa ushahidi wangu. Niliulizwa kama ninauza watoto, na nilijibu, kisha nikaulizwa kuhusu shingo ya yule mama, na nilijibu hilo kwa urefu. Mkandarasi alinitazama muda wote. Kesi imeahirishwa. Nalala nyumba tofauti kila siku.

Sasa nikueleze ya juzi, maana yeye hatakueleza.

Alisoma mwenyewe mpaka mwisho. Fundi saa alimshikia karatasi kwa chini. Kabati liliposogea nikatoka hadi mlango wa mbele, jua likanipiga usoni nikawa sioni. Hakuna aliyepiga makofi, wala aliyesema pole. Nilipozoea mwanga nikawaona wote, wengine niliowapokea mimi kutoka matumboni, wanatazama miguu yao.

Nilimwambia baba yako kwa sauti ndogo, "Sijakusamehe. Lakini usiondoke hapo mbele." Akasema, "Siondoki, Dada."

Ndipo yule kijana wa viatu vyeupe akanyanyua simu yake kule nyuma, juu ya vichwa, akaanza kutupiga picha. Hakujificha. Aliizungusha taratibu, uso kwa uso, ili kila mtu aone kwamba ameonekana. Watu wakaanza kugeuka. Wanawake wakavuta nguo usoni, mwanamume mmoja akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Nikajua kwamba baada ya muda mfupi tungebaki watatu mlangoni pale.

Mama muuza mkaa hakugeuka. Alikuja mbele, mikono yake myeusi, akasimama ubavuni pangu bila kunitazama. Akamwambia kijana, "We! Subiri kwanza, nijiweke sawa." Akajifuta uso kwa kiganja, akauchafua zaidi. Mtu akacheka, kicheko cha woga. Kisha binti yake akaja. Kisha kinyozi. Wakawa wanakuja mmoja mmoja, na baba yako akafanya kazi pekee anayoijua. Akatupanga. "Wafupi mbele. Wewe sogea, unamziba mwenzio. Mkunga katikati. Tazameni kule."

Tukatazama kule. Kijana alipiga moja, akashusha simu, akaondoka bila haraka.

Sasa anayo, mwanangu. Sote tumo, nyuso wazi, na kila mmoja wetu anaogopa. Hilo litaonekana kwa jicho la mtu yeyote.

Wako,
Mkunga